Pengo kwenye Tope la Lubondja

Katika njia inayotoka Fizi kwenda Lubondja, mvua ikishanyesha, watu hawaulizani ni gari la nani limepita. Wanatazama chini. Udongo wa huko ni mwekundu na mzito, unashika kila kinachoukanyaga, na tairi likipita linaacha sura yake nzima. Lori la mihogo, jeep ya kanisa, pikipiki zinazopandisha samaki kutoka Kazimia: kila kimoja kina mwandiko wake. Niliwahi kuwasikia akina mama wawili wakibishana kisimani kama muuza chumvi amepanda peke yake au amebeba watu, na ushahidi wao wote ulikuwa jinsi matairi yake ya nyuma yalivyozama.

Jeep yangu ilijulikana kuliko zote, na si kwa uzuri. Tairi la mbele la kulia lilikuwa limeng'olewa jino moja na jiwe la mlimani, zamani, kwa hiyo kila lilipomaliza mzunguko lilichapa pengo matopeni. Ndiyo maana jeep ikaitwa Pengo. Nilikasirika mwanzoni, maana mimi ni mtu wa kukasirika mwanzoni. Baadaye nilizoea, hata mimi mwenyewe nikawa nawaambia abiria kwamba Pengo inaondoka saa moja na haimngojei mtu.

Msomaji mkuu wa mwandiko wangu alikuwa mama mkwe. Nyumba yake iko kando ya njia, kabla hujafika Lubondja, na shamba lake la mihogo liko ng'ambo ya njia hiyo hiyo, kwa hiyo mchana kutwa anavuka. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchagua cha kusikia, na mngurumo wa injini haukuwa miongoni mwa vilivyochaguliwa. Alitegemea matope. Akiona pengo limeelekea juu, alijua mkwe amepanda, na kwa kuwa njia ni moja, mkwe atashuka. Hapo alijikokota mpaka mihogoni, akabaki humo hadi nipite. Mwenye macho haambiwi tazama.

Msidhani tulikuwa tumegombana. Ukoo wa mke wangu unaishika mila kwa mikono miwili: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani ana kwa ana. Ni heshima, na kadiri mnavyoheshimiana ndivyo mnavyokimbiana. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mama yule kwa kisigino. Nilikuwa nikikata kona, naona kisigino na ncha ya kitenge vikimezwa na majani ya mihogo, napiga honi mara moja kumsalimu, basi.

Nikiwa na ujumbe, nilisimamisha gari, nikaangalia mlimani, nikaongea na mbuzi wake aliyefungwa mbele ya nyumba. Mbuzi, mwambie mama binti yake ni mzima, ametuma sabuni. Na mihogo ikajibu: mbuzi, mwambie tumeshukuru, lakini ile sabuni ya mara iliyopita haikutoa povu. Tuliendesha mambo ya familia namna hiyo, misiba na harusi, na katika sisi watatu mbuzi ndiye aliyekuwa na subira zaidi.

Mwaka huu mke wangu akapata mimba. Tulikuwa tumengoja sana, mpaka majirani wetu wa Baraka, mji wa ziwani tunakoishi, walikuwa wamechoka kutuhurumia na wameanza kutushauri. Kwa hiyo mimba ile haikuwa yetu wawili tu, ilikuwa ya mtaa mzima. Lakini mke wangu alitaka kitu kimoja: mama yake awe Baraka kabla ya mtoto kuzaliwa, amwogeshe mtoto kwa mikono yake. Hakutaka shangazi, hakutaka jirani, hakutaka akina mama wa kanisa na nyimbo zao. Alikuwa na hofu, nami nilijua, ila hofu yake aliivisha nguo ya ukali.

Mama naye alitaka kuja. Tatizo lilikuwa namna ya kuja. Nyonga yake haikuweza pikipiki, na kutembea hakukuwa na maana hata kukutaja. Kupanda jeep ya mkwe, akae nyuma ya kichogo changu kutwa nzima, hilo mbuzi alipoambiwa, mihogo ilikataa kabla sijamaliza. Yeye atakuja na jeep ya kanisa, anayoendesha mchungaji, mtu ambaye hajamwoa binti yake. Na jeep ya kanisa ilikuwa imelala Baraka, imepandishwa juu ya magogo, ikingoja kipande cha gia kutoka Uvira. Wiki zikapita. Tumbo halikungoja kipande cha gia.

Kisha matairi yangu yakafika mwisho. Mtu wa magari atasema yalikuwa yamefika zamani, nami sitabishana naye. Siku moja, katika ule mlima wa kuingia Fizi, jeep ilipanda nusu, ikasimama ikizungusha magurudumu, ikaanza kurudi nyuma taratibu na watu wote ndani. Wakashuka, wakasukuma, wakapakwa tope mpaka kwenye nyusi. Mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa akitoka milima ya juu kuuza siagi, aliliinamia tairi, akalipapasa, akaniuliza kwa upole kama gari hili nalo hunyolewa na kinyozi yule yule wa mchungaji. Mchungaji wetu ana kipara. Abiria walicheka mpaka Baraka, nami niliendesha nimenuna.

Nilipomsimulia mke wangu, hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: kama mama angekuwemo, na nyonga ile, angeshushwa asukume? Kesho yake asubuhi alivaa viatu akasema twende tukachague matairi. Nikamwambia mambo ya matairi ni ya wanaume. Akasema vizuri, na akatangulia.

Muuza matairi, ambayo sisi huku tunayaita pine, ana banda lake karibu na ufuko, mahali mitumbwi ya injini inapopakua. Ni mtu mnene, mwenye maneno laini, anayekaa juu ya bidhaa yake. Mke wangu aliangalia huku na huku, hakuona kiti, akajishusha juu ya rundo la matairi mengine, tumbo mbele, mikono juu ya tumbo. Kuanzia hapo ilionekana wazi nani amekuja kununua.

Mimi nilianza na yaliyotumika, yale yanayoletwa kutoka ng'ambo ya ziwa yakiwa na meno marefu bado. Ukiyaona kwa mbali utayapenda. Lakini tairi ni kama mchumba: usiangalie meno tu, uliza na umri. Nilimwonyesha mke wangu, kwa sauti ya mwalimu, zile tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Nikakunja ubavu kwa mikono, na nyufa ndogo zikafunguka pale mpira unapokutana na ringi. Limekauka, nikasema, hili limezeeka dukani bila kutembea. Mke wangu akasema anawajua watu wa namna hiyo. Muuza matairi akakohoa.

Nikahamia kwenye mapya ya barabara, yenye mistari myembamba, meusi mpaka yanang'aa. Hapo nilipotea. Tairi la namna ile halipigi kelele, linateleza juu ya barabara ya Baraka kama mtu aliyevaa soksi, nami nilishajiona nikipita sokoni kwa ukimya wa mtu mkubwa. Muuza matairi aliona macho yangu, akaanza kuyasifia. Yanadumu, hayali mafuta mengi, hata usukani unakuwa mwepesi.

"Kwa mulima ya Fizi, siku ya mvula, zinapanda?" mke wangu akauliza kutoka juu ya rundo lake.

Muuza matairi akasema inategemea dereva. Mimi nikasema kwa dereva kama mimi. Mke wangu akatutazama wote wawili kwa zamu, akagonga kwa kisigino rundo alilokalia. Na hizi?

Alikuwa amekalia ya matope. Yale yenye meno makubwa yaliyoachana, kila jino kama kipande cha sabuni ya kufulia, na meno mengine yamepanda mpaka mabegani mwa tairi. Nilimweleza ubaya wake: kwenye barabara kavu yanaunguruma mpaka huwezi kusikiliza redio, yanakwisha haraka, tena yana sura ya kijambazi. Lakini haki ni haki, nikamweleza na uzuri. Meno yakiachana hivyo, tope likiingia katikati linatupwa nje tairi likizunguka, na jino linalofuata linakuta ardhi safi ya kung'ata. Lile la mistari likishajaa tope, linabaki gurudumu la udongo juu ya udongo.

Muuza matairi, kuona upepo umegeuka, akageuka nao. Akasema hayo ndiyo hasa. Hata jeep ya kanisa inavaa hayo, tangu mwaka jana, aliyauza yeye mwenyewe.

"Hizi hizi?" mke wangu akauliza. "Michoro moja? Hata ikichapa kwa matope, ni moja?"

Muuza matairi aliapa. Mimi nilifurahi, nikadhani mwanamke amejifunza kupima bidhaa, kwamba kanisa halinunui takataka. Akasimama kwa shida, akalipigapiga rundo kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemkubali, akasema tunachukua haya. Mawili yenye michoro tofauti kwenye ekseli moja sikubali, kwa hiyo tulichukua manne, na la akiba juu yake. Yale ya zamani fundi wa sandali aliyanunua yote, pamoja na lile lenye pengo, akayakata soli. Mpaka leo kuna watu Baraka wanatembea juu ya jeep yangu.

Matairi yalifungwa siku hiyo hiyo. Jioni mke wangu alikaa sana kwenye simu, akiongea na jirani wa mama yake. Kule mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na ukitaka mtu lazima mtoto atumwe akamwite apande. Sikuuliza wanaongea nini. Mwanamke mwenye mimba ana mengi ya kuongea.

Siku iliyofuata nilipanda Lubondja kuchukua maharagwe. Mvua ilikuwa imenyesha kabla ya mapambazuko, na njia ilikuwa laini, haijakanyagwa. Nilipita mbele ya nyumba ya mama mkwe mapema mno, ukungu bado umelala juu ya paa lake. Hakuna mtu, hata mbuzi hakuwa ametolewa. Nilipiga honi mara moja kwa desturi na kuendelea. Matairi yalikuwa yanang'ata vizuri sana, nami nilikuwa natazama kioo kila mara kuuona mwandiko wangu mpya nyuma yangu, mnene, uliokamilika, bila pengo. Niliona fahari ya kijinga.

Nilipakia maharagwe na abiria mmoja, mama Mrundi, mkimbizi anayelima kule kwa kukodi shamba, mwenye kicheko kinachoanza kabla ya kichekesho. Akakaa mbele, tukashuka. Nilipokata ile kona ya mihogo, nilikuwa tayari nimeweka macho upande wa kisigino.

Hakikuwepo kisigino. Kulikuwa na mama mzima. Alikuwa amekaa juu ya furushi kando ya njia, miguu ameinyoosha kwa sababu ya nyonga, kilemba kipya kichwani, kikapu chenye kuku mapajani, uso ameuelekeza juu tunakotokea. Aliinua mkono kusimamisha gari kwa adabu zote za abiria aliyejiandaa. Nikafunga breki. Tukaonana.

Ulikuwa uso wa mke wangu uliozeeka. Midomo ile ile inayobanwa isicheke, na mkunjo ule ule wa ukali kwenye paji la uso. Nilishtuka, na papo hapo nikampenda, na sijui kama mila inaruhusu hilo. Naye alijaribu kuinuka, nyonga ikakataa. Akavuta kitenge akajifunika kichwa chote. Mimi nikageuza shingo kuutazama mlima. Mama Mrundi, katikati yetu, alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na kwa mara ya kwanza tangu Lubondja alinyamaza.

"Kuku," sauti ikasema chini ya kitenge, "umwambie mwenye motoka aende. Miye nangojea jeep ya kanisa."

Nilimweleza kuku, macho mlimani, kwamba jeep ya kanisa iko juu ya magogo Baraka na gia yake haijafika. Kuku akaambiwa kwamba huo ni uongo, kwamba mama ameziona alama zake asubuhi hii, mpya, zimepanda, na kwamba jirani alimletea habari kutoka kichuguuni kwamba kanisa linapanda leo. Nikamwambia kuku, kwa heshima, atazame chini ya gari langu.

Kitenge kikafunguka kidogo. Akatazama tairi. Akatazama tope nyuma ya tairi, akafuata alama kwa macho mpaka konani, akarudi nazo. Alichukua muda wake, nami nikamwona, kwa pembe ya jicho ambayo mila haijaikataza, akielewa. Alishusha pumzi ndefu ya mzazi aliyezidiwa akili na mtoto wake. Mimi nilikuwa bado sijaelewa, nikadhani amesikitikia gia.

Mama Mrundi ndiye aliyetuokoa. Alishuka, akavua kitenge chake cha juu, akakifunga kati ya viti vya mbele na vya nyuma, fundo huku na fundo kule, mpaka gari likawa na vyumba viwili. Akasema hata kwao Burundi mama mkwe anaogopwa, lakini mvua ya pili inakuja, na mvua haina bukwe, haina ukwe, na mtu.

"Shofere, we uangalie mbele," akasema. "Nyuma ni ya bamama."

Sikuweza kumshika mama mkono kumpandisha, wala kusimama karibu akipandishwa. Kwa hiyo siku hiyo ni mimi niliyevuka njia nikaingia mihogoni. Nilisimama humo, majani yakinichokoza masikio, nikisikia furushi likipanda, kuku akilalamika, mama Mrundi akihesabu kwa Kirundi na kunyanyua. Nilielewa jinsi mtu anavyokaa humo: mbu wapo, na ardhi haina pa kukalia. Mama yule aliyafanya hayo miaka yote, na nyonga ile. Niliona uchungu.

Tukaondoka. Kimya nyuma ya pazia, ila kuku. Mvua ya pili ilitukuta chini ya mlima wa Fizi, na pale ndipo abiria wote hushuka bila kuambiwa. Sikuweza kumwambia mama ashuke, na hata ningeweza, asingeweza. Nikashuka mimi, nikapunguza upepo kidogo katika kila tairi ili lilale vizuri juu ya tope, nikarudi, nikatia gia ndogo, nikaanza kupanda. Mama Mrundi alikuwa akisali kwa sauti ya chini.

Kwenye mgongo wa mlima, mahali penye bonde kushoto, mkia wa jeep ulianza kwenda upande wake. Ulikwenda polepole, bila haraka, kuelekea bondeni. Nilimfikiria mke wangu akiambiwa, na sikuweza kufikiria zaidi.

"Mutoto yangu," ikasema sauti nyuma ya pazia, karibu kabisa na kichogo changu. "Polepole."

Niliondoa mguu. Matairi yakazunguka mara moja, yakatema tope, yakafika kwenye udongo mgumu, yakang'ata. Mkia ukarudi. Tulipanda mita baada ya mita, tukilia kama tingatinga, mpaka tukafika juu, Fizi, kwenye tambarare. Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyesukuma. Machozi yalikuwa yamenijaa na nilishukuru pazia.

Baada ya muda mrefu sauti ikasikika tena. "Kuku," ilisema, "we unapenda kusema-sema sana."

Tulipoingia Baraka, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Maji yalikuwa jikoni yanachemka. Kitanda katika kile chumba cha uani kilikuwa kimetandikwa, na mkeka mbele yake. Hakushangaa, hakuuliza imekuwaje. Alikwenda moja kwa moja mlango wa nyuma wa gari, akaingiza kichwa, na nikasikia wanawake wawili wakilia na mmoja wao akimtukana mwenzake kwa Kibembe. Hapo ndipo na mimi nikaelewa, wa mwisho kama kawaida. Usiku nilimwuliza. Akapangusa mikono yake kwenye kitenge.

"Mi nilichagua pine," akasema. "Kupanda, ulipanda we."

Mtoto akazaliwa siku chache baadaye, wa kike, mwenye sauti. Mama alimwogesha kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nikikohoa kabla ya kuingia uani ili apate nafasi ya kugeuka, na kikohozi hicho kikawa ndicho saa ya nyumba. Nikiwa upande wa pili wa ukuta nilimsikia akimwimbia mtoto na kumsimulia makosa ya mama yake. Mke wangu aliacha ukali kabisa. Alilala kama mtu aliyetua mzigo, na ndipo nilipojua ulikuwa mzito kiasi gani.

Lakini kicheko cha mama Mrundi kilikuwa kimefika sokoni, na kutoka sokoni kikavuka maji. Mjomba wa mke wangu alikuja kwa mtumbwi kutoka Ubwari, amevaa koti, kudai haki ya ukoo. Mkwe amemwona mama mkwe usoni, mchana, njiani. Atoe mbuzi wa kuondoa aibu. Tuliketi sebuleni, nikakubali, maana nilikuwa nimemwona kweli, tena nilikuwa naona mbuzi mmoja ni kidogo. Hapo mlango wa uani, uliokuwa umerudishwa tu, ukazungumza.

"Miye sikuona muntu," mama akasema. "Niliona pine tu."

Mjomba akasema watu wameona. Mlango ukamwuliza ni nani alikuwa amekaa juu ya lile furushi, watu au yeye mama. Mjomba akavuta sahani. Alikula vizuri, akasifu mtoto, akarudi Ubwari na koti lake.

Nilidhani yamekwisha. Jioni mama alimtoa mtoto barazani, akakaa na mgongo kwangu, akampakata, na kwa kuwa mbuzi alikuwa Lubondja na kuku alishaingia chunguni, akamtumia yeye.

"Mutoto, umwambie baba yako akate jino moja kwa ile pine. Pale pale ya zamani. Mama yako asinidanganye tena."

Nilikataa. Nilimweleza mtoto, kwa kirefu, kwamba tairi ni jipya, kwamba jino lile lile ndilo lililotupandisha mlimani, kwamba hakuna mtu mwenye akili anayenunua kitu kizima akakitia kasoro. Mtoto alipiga chafya. Kesho yake nilishinda na hasira siku nzima, na siku iliyofuata nikampelekea jeep fundi wa sandali, kwa sababu hakuna mwingine mwenye kisu kinachoweza kazi ile. Akauliza kama nimechoka na tairi tayari. Nilipomweleza, aliweka kisu chini ili acheke vizuri. Kisha akalikata, jino moja la katikati, juu juu, asiguse nyuzi, na mimi nikiwa nimeangalia ziwani.

Mama alirudi kwake mwezi uliofuata, kwa jeep ya kanisa iliyopata gia, amekaa mbele kabisa karibu na mchungaji.

Nami nilipopanda tena, tope lilikuwa zuri. Nilipita nyumba yake nikiandika pengo langu jipya mbele ya mlango wake. Nilipakia, nikashuka, nikakata kona taratibu, macho upande wa kisigino.

Alikuwa amesimama kando ya njia. Hakuwa mihogoni, hata hatua moja. Alikuwa ameipa njia mgongo, ameegemea fimbo, anatazama shamba lake kama mtu anayekagua magugu, na mkono mmoja ameupeleka nyuma, umeshika kifurushi cha majani ya kumwogeshea mtoto. Nikasimamisha gari. Nikashuka, nikautazama mlima, nikakipokea. Vidole vyake havikuachia mara moja.

Safari hii mbuzi hakutumwa. Nilipanda, nikapiga honi, nikaondoka. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona amegeuka, uso mzima, ananitazama nikienda. Nikanyoosha mkono nikakisukuma kioo kitazame kwingine, na hivyo ndivyo ninavyofanya kila ninapopita pale.